Mzee Rula Anatoka Mtoni

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na minne, msoma kipimo cha mto wetu anastaafu. Wote tunamwita Mzee Rula, kwa ajili ya ule ubao mrefu wenye namba uliosimikwa majini, anaousoma kila asubuhi na kila jioni. Mimi nafanya usafi katika ofisi ya maji na kuchemsha chai, na nimemfahamu tangu kifungua mimba wangu yuko mgongoni.

Alianza kama kibarua wa kufyeka njia ya kushukia mtoni. Msomaji wa wakati ule akaugua, yeye akaambiwa ashike daftari wiki moja. Wiki hiyo haijaisha mpaka leo. Ameingia majini na homa, ameingia siku ya harusi yake na suti, suruali kaikunja magotini. Mkewe husema yeye ni mke mdogo, mkubwa ni mto.

Wataalamu wetu wana mto wao kwenye kompyuta. Wanauingizia mvua, joto na hali ya udongo, nao unawaambia maji ya miezi ijayo. Ni kazi ya akili na tunaiheshimu. Lakini Mzee Rula ndiye aliyenielewesha, nikiwa napiga deki, kwamba ukame wa mto hauji kwa kishindo. Mvua inakosekana kwanza. Udongo unakauka, chemchemi zinapungua, na mto ndio wa mwisho kupata habari. Mvua ikirudi, mto pia ndio wa mwisho kupona. Tangu siku hiyo nikiona mbingu nyeupe najaza kila ndoo nyumbani.

Mwaka kilipofungwa mtoni chombo kinachotuma namba chenyewe, kompyuta ilionyesha siku kumi na moja mfululizo kwamba maji yametulia sentimita thelathini na nane. Ofisi ikafurahi. Yeye akatupa jani majini, akalingoja. Halikwenda popote. Chombo kilikuwa kinapima dimbwi, mto umeshakatika huko juu. Aliingia ofisini na matope yake, juu ya sakafu niliyotoka kuifuta, akawauliza wakubwa tangu lini maiti ikapimwa urefu ikasemwa ni mzima. Kesho yake mgao wa maji ukaanza, na kwa sababu hiyo wodi ya wazazi haikukaukiwa hata siku moja. Binti yangu alijifungulia humo.

Sasa misimu miwili mvua imekuwa ya kunyunyiza tu. Kompyuta inasema tuna maji ya miezi mitatu. Yeye anasema hajui, ila chemchemi ya juu imebadilika sauti. Na nafasi yake haijapata mtu. Nina wajukuu watatu wanaokunywa maji haya, siwezi kuandika kwa furaha tupu.

Basi nilimwomba anifundishe. Namba yangu ya kwanza ilipishana na yake sentimita mbili, akasema mto una subira kuliko walimu walionifukuza darasa la nne. Mkuu wetu amekubali nisome mimi kabla ya kufagia, mpaka apatikane mwingine. Nitasoma.

Asante, kaka, kwa kutulinda bila kelele. Mungu akupe afya, miguu mikavu na usingizi wa asubuhi usioujua. Pumzika vyema. Ila simu usizime.