Msalaba wa Mzee Nyakatsapa

Ndugu waombolezaji, poleni kwa mkesha na poleni kwa jua. Historia hii inasomwa na Mzee Matambanadzo, sahwira wa marehemu, yaani mtani wa ukoo ambaye hata leo hakuna wa kumnyamazisha, naye amechoka, maana tangu jana watoto wa marehemu wanabishania jina la kuandika msalabani, na msalaba wenyewe ule pale, mtupu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1947, katika makazi ya Waafrika ya Harari, mjini Salisbury, mtoto wa kwanza wa Zuze Nyakatsapa, mpishi wa Wazungu, ambaye alimpa mwanawe jina la mji, na mji nao ulipewa jina la lodi mmoja, waziri mkuu wa Uingereza, ambaye hakuwahi kukanyaga hapa hata kuomba maji. Zuze aliamini jina hilo litamfungulia mtoto milango. Halikufungua hata dirisha.

Alisoma shule ya misheni hapa Murewa hadi 1962, na mwaka 1964 akaajiriwa katika kiwanda cha mikate, ambako msimamizi alikataa kumwita mtu mweusi kwa jina la lodi, akamwita Boi hadi alipostaafu yeye msimamizi. Mwaka 1971 alimwoa Ketina, wakajaliwa Fungai na Rudo. Mwaka 1977 alikuja kuwasalimia wakwe, vijana wa porini, wale wapigania uhuru, wakamuuliza jina, akalitaja, akachapwa fimbo mpaka Ketina akapiga kelele, "Mtafuteni baba yake mumchape, huyu hakujiita!"

Mwaka 1982 jiji likawa Harare, makazi yake yakawa Mbare, marehemu akasema, "Nimehamishwa mara mbili na hata sufuria sikubeba." Akaenda kumwomba baba yake naye abadilishwe jina, Zuze akamjibu, "Mji si mwanangu, waufanye watakavyo. Wewe nilikuita mimi." Zuze akafariki 1985 bila kulegea, na jina ulilopewa na baba aliye kaburini huliachi hivi hivi tu, kwa hiyo marehemu akalibeba kama gunia, watu wakimwita Soko, yaani nyani, mnyama wa ukoo wake, naye kila Krismasi akisema, "Siku nikifa, msinizike na yule lodi." Neno hilo ndilo Fungai analolishikilia, na Rudo anauliza wajukuu watalitambuaje kaburi lisilo na jina la babu yao.

Aliugua figo tangu Novemba 2018, akalazwa Mei 2019, na siku moja nesi kijana, akisoma jina lake kitandani, akauliza, "Babu, hili ni jina la kabila gani? Sijawahi kulisikia." Marehemu alicheka mpaka dripu ikatingishika, na nesi alipotoka akamwambia sahwira wake, "Umesikia? Lodi kasahauliwa, nimebaki mimi. Basi liandikeni, sasa ni langu." Alifariki tarehe 3 Juni, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Ketina.

Fungai hakuwepo siku ile, ndiyo maana anabisha, na hakosi adabu, anampenda baba yake. Sasa amesikia, alete rangi.

Familia inawashukuru madaktari, nesi yule ambaye hajui alichokifanya, majirani wa Mbare, na wafanyakazi wenzake wa zamani walioleta mikate ya msiba.

Salisbury wetu, pumzika kwa amani.