Bibiharusi Ndani ya Kompyuta

Kijiwe chao kilikuwa ubao mrefu juu ya matofali, kati ya karakana ya kuchomelea vyuma na ukuta wa duka la dawa. Wenyewe walikuwa watatu: Chuma, mwenye karakana, Wakili, ambaye hakusomea sheria ila hajawahi kukubali kushindwa ubishi, na Kibodi, mwandishi wa programu za kompyuta, mtu mpole asiye na maneno mengi. Asubuhi hiyo Kibodi alikuja na laptopu kwapani, akakaa bila hata salamu, kahawa ikaanza kumpolea mkononi.

— Vipi, umefiwa? Chuma akamuuliza.

— Nimeibiwa. Au nimesifiwa. Hata sielewi.

Akawasimulia. Programu ya kukagua tarehe za dawa aliyomtengenezea shemeji yake mwenye duka la dawa ilikuwa inamtia aibu. Dawa nzima inasema imepitwa na wakati, iliyopitwa inasema ni nzima. Zamani akikwama hivyo aliingia mtandaoni, kwenye jukwaa la watu wa kazi yake, akauliza, akasubiri msamaria mwema wa huko mbali amjibu. Siku hizi msaidizi wa akili bandia kawekwa humo humo anamoandikia: unabonyeza, jibu linakuja, linajibandika lenyewe penye tatizo.

— Sasa jana nikabonyeza. Likaja. Kulisoma tu, mwili ukanisisimka. Ni langu!

— Lako kivipi?

— Nililiandika mimi, miaka ile, kumsaidia mtu nisiyemjua. Mimi nikikosa jina la kitu kwenye programu nakiita "bibiharusi". Nani mwingine duniani ataiita tarehe bibiharusi?

Wakili akaweka kikombe chini taratibu, kama mtu anayeingia mahakamani.

— Jina lako limeandikwa?

— Wapi! Halipo.

— Basi huo ni wizi wa mchana. Tunashtaki.

— Unamshtaki nani? Chuma akadakia. Wizi gani huo wa kumrudishia mtu mali yake? Mimi naona hivi: hiyo mashine imemaliza akili za dunia nzima, sasa inakomba sufuria. Amebaki Kibodi peke yake. Huyu akishikwa na mafua leo, tarehe zote duniani zinasimama!

— Acha masihara. Hii kitu inamsoma. Kwanza inaandika kama yeye, kesho itaongea kama yeye, keshokutwa inaingia nyumbani kwake, inaketi mezani.

— Mkewe atagundua.

— Agundue nini, na jamaa mwenyewe haongei?

Wakaangua kicheko. Kibodi naye akacheka, ila moyoni kulikuwa na kitu kinamkwaruza. Miaka ile alijibu watu wengi, bure, na wengine walimwandikia asante akaenda kulala akitabasamu. Sasa maneno yake yanazunguka dunia kama mtoto asiyejulikana kwao.

Shemeji akatoka dukani, koti jeupe mwilini, uso umemkunjamana.

— Shemeji, mwenzio nimemrudisha mama wa watu na mtoto anakohoa, kompyuta imeng'ang'ania kwamba dawa imepitwa. Nimesoma boksi, kumbe nzima! Nikamkimbilia mpaka barabarani. Hivi jibu umepata?

— Nimepata, shemeji. Ila tulikuwa tunajadili ni la nani.

— Sijauliza la nani. Linafanya kazi?

Wakili akamtazama Chuma, Chuma akamtazama Kibodi, na Kibodi akajiona mjinga. Usiku kucha amelitazama jibu lile kama picha yake ya utotoni, hakulijaribu hata mara moja.

Akafungua laptopu mapajani. Shemeji akamsomea tarehe ya boksi la dawa ya kikohozi. Kibodi akaiandika, akabonyeza. Imepitwa na wakati.

— Ahaa, Kibodi akasema polepole. Yule niliyemjibu, kwao tarehe inaanza na mwezi. Maboksi yako yanaanza na siku. Jibu ni zima kabisa, ila swali lilikuwa la mtu mwingine.

Akageuza mstari mmoja. Shemeji akasoma tena, wote wanne wakainamia kioo. Dawa nzima. Akamsomea boksi la pili, la zamani, alilolitenga kwa mkono wake. Imepitwa na wakati. Chuma akampiga Kibodi mgongoni hadi kahawa ikamwagika.

— Asante, baba, shemeji akasema, akashusha pumzi ndefu. Ila nieleze kitu. Yule wa zamani, ulijuaje kwao wanaanza na mwezi?

— Nilimuuliza kwanza.

— Na huyu msaidizi wako, mbona hakukuuliza?

Chuma akakuna kidevu. Kibodi akakitazama kioo, halafu akaandika juu ya mstari ule: uliza kwanza tarehe inaanza na nini.