Mama Ozella na Swali la Kila Februari

Wapendwa waombolezaji, hapa Detroit tumezoea historia ya marehemu isomwe kimoyomoyo kwenye karatasi ya ibada, kila mtu na macho yake, lakini Mama Ozella Tarpley aliagiza yake isomwe kwa sauti, tena wageni wa heshima wakae kiti cha mbele, nami mtoto wa kaka yake natii.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1941 huko Yazoo, Mississippi, akasoma hapo hadi darasa la kumi, akahamia Detroit mwaka 1959, akaajiriwa kiwanda cha magari, mchana akifungia magari milango, jioni akiimba studio. Tarehe 3 Mei 1968 aliimba "Usinisubiri Jumapili", sauti ikawa yake, picha na jina kwenye jalada la santuri vikawa vya Bi. Lavinia Crume, maana mwenye studio alimwona Ozella mnene na mweusi mno, na Februari iliyofuata Bi. Lavinia akapokea tuzo ya mwimbaji bora, akamshukuru Mungu, mama yake na mshonaji wa gauni, basi. Ozella alitazama kwenye televisheni, akaizima, akaenda zamu, na roho haikuacha kumuuma.

Alifunga ndoa na Roscoe Tarpley tarehe 12 Juni 1971, wakajaliwa Denise na Curtis.

Kila Februari, mwezi wa historia ya watu weusi, marehemu ndiye aliyeongoza chemshabongo kanisani, nani aligundua nini, nani wa kwanza kupata tuzo gani, na swali la mwisho lilikuwa lile lile, nani aliimba "Usinisubiri Jumapili", watu wakijibu Lavinia anawanyima pointi, hadi mchungaji akamsihi aliondoe.

"Nitaliondoa siku mtakapolipata, Mchungaji," alimjibu, akaendelea kukata keki.

Aliugua figo tangu Agosti 2023, akafariki tarehe 2 Februari 2024. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, hii imekula zaidi ya nusu karne, lakini leo imefika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea kuku na maharage, wenzake wa kiwandani, na Bi. Lavinia kwa shada lake la maua, kubwa kuliko la watoto. Kwa agizo la marehemu, Bi. Lavinia sasa atatuimbia "Usinisubiri Jumapili", ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, mpiga kinanda apumzike. Bi. Lavinia, karibu mbele, kanisa zima linakungoja.

Shangazi, pumzika kwa amani, ila kwanza sikiliza.