Bi Jalada na Yule wa Ghorofani

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliokuja kutushika mkono, familia imemtuma mdogo wake marehemu, ndiye huyu aliyesimama mbele yenu, awasomee maisha ya dada yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la kazini, Bi Jalada, na atayasoma kama yalivyokuwa, kwa sababu marehemu mwenyewe alituonya kwamba kazi ya kupamba ni yake, si yetu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa pili na binti wa kwanza wa baba mshona suti na mama mkunga, katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya duka la ushonaji la baba, na tangu utotoni alikuwa na wivu, si wivu wa kumtakia mtu mabaya, bali ule wa kuona kitu kizuri cha mwenzake na roho kumuuma kwa nini hakukifanya yeye. Alisoma shule ya msingi ya wasichana iliyo karibu na stesheni ya reli kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, akamaliza sekondari mwaka 1978, kisha akajiunga na chuo cha sanaa, alikohitimu Novemba 1982 akiwa wa pili darasani, nafasi ambayo hakuisamehe mpaka anaingia kaburini. Wa kwanza alikuwa msichana mpole mwenye miwani mikubwa, ambaye leo yupo hapa kati yenu, na ambaye nyumbani kwetu alijulikana kwa jina moja tu, yule wa ghorofani.

Jina hilo lilikuja hivi. Tarehe 3 Januari 1984 marehemu aliajiriwa kutengeneza majalada ya jarida la mitindo lililokuwa na ofisi ghorofa ya chini ya jengo la posta ya zamani, na kabla mwaka haujaisha jarida jingine la mitindo likapanga ghorofa ya juu yake, na nani akaletwa kutengeneza majalada yake kama si yule yule wa miwani. Hapo dada yetu raha ikamwisha. Alichagua mwanamitindo, gauni, rangi ya ukuta na herufi za kichwa, akabishana na mpiga picha mpaka jasho limtoke, halafu siku jarida likitoka hakulitazama lake, alikwenda kwa muuza magazeti wa kona kulitazama la mwenzake, na akirudi amenuna tulijua ni zuri.

Alifunga ndoa tarehe 14 Septemba 1986 na fundi mkuu wa mitambo katika kiwanda kilichochapa majarida yote mawili, na shemeji yetu husema mpaka leo hajui alipendwa yeye au kiwanda. Walijaliwa watoto wawili, wa kike mwaka 1988 na wa kiume mwaka 1991. Mei 1993 marehemu alimpelekea mumewe chakula kazini, akachungulia karatasi za majaribio, akaona jalada la ghorofani lina ukuta wa manjano uliomkata maini, lake la bluu likamchukiza palepale, akalirudisha ofisini na kulipiga picha upya, kwa manjano. Majarida yalipotoka lake lilikuwa la manjano, na la ghorofani lilikuwa la bluu, bluu ileile aliyoitupa. Mumewe akamwambia, "Mama watoto, huyu naye alikuja kuchungulia lako. Anakuonea wivu." Akajibu, "Yule? Anionee wivu wa nini? Ananicheka tu." Hakuamini, ingawa hicho ndicho alichokitamani kuliko cheo na tuzo, mwenzake amwonee wivu walau mara moja.

Miaka ikaenda, watu wakahamia kwenye simu, wenye maduka wakahama na matangazo yao, jarida likakonda mpaka likawa jepesi mkononi kama kipeperushi, na jalada lililomnyima usingizi likawa picha ndogo ya kupitishwa kwa kidole gumba. Jarida lake lilifungwa tarehe 30 Juni 2016. La ghorofani liliendelea hadi Desemba 2018, na marehemu, ambaye sasa alikuwa mtu wa nyumbani, alilinunua kila lilipotoka, akalifunua jikoni akiwa amesimama, akisema, "Mwenzangu bado ana jalada, mimi nina sufuria." Wivu wa siku hizo ulikuwa mchungu, tena hakuuficha, lakini nalo lilipofungwa alililia kuliko alivyolilia la kwake.

Agosti 2022 alianza kusumbuliwa na figo, na tarehe 2 Februari 2024 alilazwa. Yule wa ghorofani alikuja wodini bila kuitwa, wakaongea habari za watoto na za hali ya hewa, kisha mgeni akasema, "Mwenzangu, nilikuonea wivu mpaka nikapata vidonda vya tumbo. Ile bluu niliiiba kwako." Marehemu akajiinua kwenye mito, akamwita muuguzi, akasema, "Hebu rudia, na huyu asikie." Mgeni akarudia, huku analia.

Siku hiyo marehemu alimwomba amtengenezee jalada la kijitabu mlichonacho mikononi, kwa kuwa sura yake haikuwahi kukaa kwenye jalada lolote. Rasimu ilipoletwa aliitazama, akanuna mchana kutwa, halafu akaagiza picha ishushwe kidogo ili maneno ya juu yapate hewa, mwenzake akakataa katakata, wakabishana mpaka daktari akaja kuwatuliza. Alifariki asubuhi ya tarehe 24 Februari, ubishi haujaisha.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi na hasa yule muuguzi shahidi, majirani mliotupikia na kutufulia, wafanyakazi wenzake wa ghorofa zote mbili, na huyu mwenzake, ambaye jana alikwenda mwenyewe kiwandani, akawaomba mafundi wasubiri kidogo kabla ya kuwasha mashine.

Dada, picha ameishusha. Sasa pumzika, kwa amani.