Alinipima Mapigo, Akasema Niko Sawa

Wazazi wangu, habari za mchana. Na nyinyi wa benchi za nyuma, niaje. Nimeombwa nitoe ushuhuda kidogo hapa kanisani, na sitataja jina la mtu. Anayemjua atamjua, asiyemjua asimtafute.

Wengi wenu huniona asubuhi kwa baiskeli nikienda Industrial Area, ninakoshona magunia. Lakini kuna wakati nilikuwa naendesha mbio za baiskeli, kwenye timu ndogo ya hapa mtaani. Kocha wetu alikuwa rafiki wa marehemu baba. Walifanya kazi reli pamoja. Siku tulipomzika baba, mzee yule alinishika bega mbele ya watu akasema, "Huyu sasa ni binti yangu." Ndugu zangu, nawaambia, nilimwamini kuliko nilivyojiamini.

Kazi yangu ilikuwa kukata upepo. Anayetangulia ndiye hupigwa na upepo. Aliye nyuma yake anapumzika. Basi mimi natangulia, naumia, halafu karibu na mwisho mwenzangu mmoja wa timu anachomoka nyuma yangu, anashinda. Sikumwonea wivu. Alikuwa na mbio kunishinda, na alikuwa anatafuta nafasi ya kwenda kushindana nje ya nchi.

Kila asubuhi ya mazoezi kocha alitushika mkono, akatazama saa, akahesabu mapigo ya moyo na kuandika kwenye daftari lake. Namba hakututajia. Alisema tu, "Uko sawa, binti yangu. Panda."

Ukaja msimu wa mbio kila wikendi, na katikati ya wiki kazi ya kiwandani. Nikaanza kuamka nimechoka kuliko nilivyolala. Miguu mizito. Siku moja nilikuwa nasukuma chapati, nikaanza kulia bila sababu. Nikamwambia kocha. Akanishika mkono, akahesabu, akaandika.

"Uko sawa. Ni uvivu tu unaingia. Baba yako hakuwa mvivu."

Hapo alinipata. Kwa maneno hayo niliendesha mwezi mzima zaidi.

Halafu nikaanguka, mlimani, kwenye mbio. Hakuna aliyenigonga. Mwili ulizima tu, nikaenda chini na baiskeli. Muuguzi wa kliniki aliniangalia, akauliza, "Dada, ni nani amekuwa akikuambia uendelee?" Nikawekwa nyumbani miezi miwili, na homa haiishi. Kiwandani wakachukua mtu mwingine. Na kocha? Kutoka kwake hadi kwetu ni mwendo wa kumaliza chai kikombe kimoja. Hakuja hata siku moja.

Sasa msicheke, kilichonifungua macho ni mchezo wa simu. Mdogo wangu aliniwekea ili nisikae nikitazama ukuta. Unakuwa meneja wa timu ya baiskeli. Kila mwendeshaji ana mistari miwili: uzima na uchovu. Uzima unapanda polepole kwa mazoezi. Uchovu unajaa haraka, mbio baada ya mbio, na haushuki mpaka umpumzishe. Siku uzima uko juu na uchovu uko chini, huyo anaruka kama swala. Ukimpanga bila kumpumzisha, uzima wake wote haumsaidii kitu.

Mimi nilikuwa na kijana mmoja mzuri, nikampanga kila mbio. Mdogo wangu akachungulia.

"Dada, unamuua huyu. Si mstari wake umekuwa mwekundu?"

"Naona. Lakini anawakatia wenzake upepo vizuri."

"Basi mpange tena uone."

Nikampanga. Akamaliza wa mwisho, kisha akaugua, akatoka msimu mzima. Nikaiweka simu kitandani. Nilikuwa nimesema kwa mdomo wangu: naona. Nikalikumbuka lile daftari, na muuguzi alivyoniambia kuwa mwili ukichoka sana, mapigo ya asubuhi hupanda.

Kesho yake nilitembea polepole hadi kwa kocha. Alikuwa uani anaziba pancha.

"Kocha, mapigo yangu yalikuwa yamepanda?"

Hakuinua kichwa. "Yalipanda."

"Tangu lini?"

"Tangu msimu uanze."

"Na ukaniambia niko sawa?"

Ndipo akanitazama. Wala hakukasirika. Akasema, "Mwenzako alikuwa amebakisha mbio chache apate safari. Ningekuambia, ungepumzika."

Ndugu zangu, niligeuka nikatoka uani. Nilirudi nyumbani nimeshika ukuta wa majirani. Nililia siku ile kuliko nilivyomlilia baba, kwa sababu baba alikufa tu, hakuniuza.

Kupona hakukuwa miujiza. Yule muuguzi alinianzisha na kutembea hadi kona na kurudi. Halafu hadi Eastleigh. Halafu baiskeli, siku moja napanda, siku mbili nakaa. Alinifundisha kujipima mwenyewe kabla sijatoka kitandani. Kazi nilirudishiwa baada ya kuomba sana. Mwezi uliopita niliendesha mbio, bila timu, nikamaliza wa nne. Wa nne! Nilipiga vigelegele peke yangu, watu wakadhani nimeshinda.

Namshukuru muuguzi, yuko pale mbele, amejificha. Namshukuru mdogo wangu. Nawashukuru akina mama mlioleta uji bila kuuliza maswali.

Mtaniuliza kama nimemsamehe. Sijafika. Tukikutana namsalimu, naye anaitikia. Niombeeni kwa hilo. Lakini nyinyi mnaobeba wengine, kazini, nyumbani, hata hapa kanisani: mtu akikuambia uko sawa, mwambie akuonyeshe alichoandika. Na kama wewe ndiwe mwenye daftari, msomee mwenzako. Akitaka kupumzika, apumzike. Mbio zitangoja.

Asanteni. Acha nikae.