Mama Plasta, Muuguzi wa Macho ya Watoto

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne wa fundi cherehani na mkunga. Inasemekana alilia kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima, na sauti hiyo hakuipunguza hadi uzeeni.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958, akamaliza sekondari ya wasichana mwaka 1969, na kuhitimu uuguzi mwaka 1973. Mwaka uliofuata alisomea macho ya watoto.

Kuanzia 1975 hadi alipostaafu mwaka 2010 alihudumu kliniki ya macho, chumba cha mwisho kushoto, chenye benchi fupi na kabati lisilofungika. Walioletwa zaidi kwake ni watoto wenye makengeza ya nje, ambapo jicho moja huelekea upande wa sikio. Aliwafundisha wazazi kuziba jicho lililo zima kwa plasta kwa muda wa saa mbili kila siku, ili lile vivu lifanye kazi. Waliohitaji kupasuliwa misuli ya jicho aliwasindikiza mwenyewe hadi mlango wa chumba cha upasuaji. Watoto wakamwita Mama Plasta. Mmoja alibandua yake akambandika daktari mkuu kwenye paji la uso; marehemu alicheka mpaka akakaa chini.

Tarehe 6 Agosti 1977 alifunga ndoa na fundi redio, aliyekuja kliniki na chembe ya bati jichoni akaondoka na miadi mitatu asiyoihitaji. Walijaliwa watoto watatu.

Jambo moja halikumtoka moyoni. Kitindamimba wake, binti, alikuwa akifumba jicho moja juani. "Acha madaha, wewe," mama alimwambia. Mwalimu alipotuma ujumbe kwamba jicho la kushoto la mtoto linakwenda pembeni akitazama ubaoni, marehemu alimkalisha binti kwenye stuli ya jikoni, akamshikia kalamu karibu na pua. Macho yakanyooka sawia. "Mwalimu ananifundisha kazi yangu?" Alipima hivyo hivyo kwa miaka miwili, ilhali jicho lilitoroka pale tu mtoto alipotazama mbali. Siku alipomwona getini akimtazama baba yake akija kutoka mwisho wa barabara, jicho la kushoto limekwenda pembeni, alishika mdomo.

Miwani, plasta, na upasuaji wa tarehe 2 Novemba 1993 vilinyoosha jicho. Lakini macho mawili hayakushirikiana tena vizuri, na hadi leo binti akimimina chai hugusa kwanza ukingo wa kikombe asije akamwaga nje. Kila alipomwona akifanya hivyo, mama aligeuza uso. Tangu hapo hakumpima mtoto yeyote kliniki bila kumpeleka koridoni atazame dirisha la mbali, na kila mzazi alimwambia, "Wangu alinipita hivi hivi nikimwangalia."

Figo zilianza kumsumbua Oktoba 2022. Binti huyo ndiye aliyempeleka kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Njiani mama alianza, "Mwanangu, lile jicho..." na binti akamkatisha, "Mama, yaishe." Alidhani anampunguzia mzigo. Ni juzi tu, msibani, ndipo binti alipoambiwa na dada yake mkubwa kwamba mama aliamini hajasamehewa.

Marehemu alifariki Jumapili, tarehe 19 Mei 2024, saa nne asubuhi, binti akiwa nyumbani anamfulia shuka.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu sita na dada mmoja. Kitindamimba ameomba mstari wa mwisho uwe wake: Mama, sikukulaumu hata siku moja. Pumzika sasa.