Dymphna Verlinde na Shada la Maua Lisilo na Uso

Ndugu, majirani na wenzetu wa chama cha wachoraji, mimi Aleyt, bintiye wa pekee, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya mama yangu. Nikikwama, nivumilieni.

Marehemu Dymphna Verlinde alizaliwa hapa Antwerp tarehe 6 Februari 1619, mtoto wa tatu wa Lambrecht Verlinde, mchora maua. Kusoma alifundishwa na watawa. Maua alifundishwa na baba yake, aliyemkataza kuchora ua lolote asiloliona mbele yake. Kwa hiyo shada moja lilimmalizia mwaka mzima: tulipu mwezi wa Aprili, waridi Juni, na katikati aliacha nafasi ya duara ili mchora nyuso aje amweke Bikira Maria.

Mchora nyuso huyo alikuwa Gommaer Hellinx. Kazi ya siku chache aliivuta miezi, mpaka Babu akamuuliza, “We kijana, unachora uso au unajenga kanisa?” Picha ilipofika parokiani, paroko aliikazia macho, akasema, “Mbona Bikira huyu namwona kila Ijumaa sokoni akibishana bei ya samaki?” Hapo hakukuwa tena na la kuficha. Walifunga ndoa tarehe 12 Oktoba 1643.

Mei 1647, nikiwa bado nanyonya, Baba alikwenda Napoli kuchora kuta za kanisa. “Mwaka mmoja tu, Dymphna.” Haya, mwaka mmoja! Barua zilikuja, zikapungua, zikakoma. Tauni ilipoikumba Napoli, watu walimshauri Mama avae nguo za ujane. Akawajibu, “Nivae nyeusi kwa mtu aliye hai? Vaeni nyinyi.” Mashada ya kuuza alijaziwa nyuso na wachoraji wengine. Lile alilolianza mwaka alioondoka Baba aliligeuzia ukutani, na ole wake aliyeligusa. Alikuwa na hamu na mumewe hadi chakula kikamshinda. Nami nilimkasirikia Baba kwa niaba yake, na hasira hizo bado ninazo.

Novemba iliyopita kifua kilianza kumbana. Januari akaniita.

“Aleyt, si siku hizi unachora nyuso? Lilete lile shada. Mchore baba yako, nimwone.”

“Mama! Sura yake nimeijulia wapi?”

“Nitakwambia. Shika brashi.”

Basi yeye akawa anasema kitandani, nami nachora. “Pua ndefu zaidi. Hee, si hivyo, umenichorea korongo! Siye huyo. Futa.” Nilifuta mpaka mkono ukaniuma. Asubuhi ya tarehe 3 Machi 1672 alitazama, machozi yakamtoka.

“Macho umeyapata. Ndiye.”

“Na mdomo, Mama?”

“Mdomo ngoja. Nipumzike kidogo, nitakwambia.”

Alilala, na hakuamka tena.

Wengi wenu mlimjua Baba, na mmeshaanza kunielekeza: huyu anasema mdomo mpana, yule anasema mwembamba. Asanteni. Lakini mimi nautaka ule alioukumbuka yeye, na huo ameondoka nao.

Marehemu ameacha dada yake Lysbet, mimi mwanawe, wajukuu wawili, Pauwels na Geertruyt, na mume, Gommaer Hellinx, kama yu hai.

Pumzika kwa amani, Mama. Usihangaike kuamka. Kazi itasubiri.